Je, wajua kwa nini maisha ya Alexander Hamilton, waziri wa fedha wa zamani wa Marekani, yalichanwa kwa hip hop jukwaani badala ya kuimbwa?

Juzi mdogo wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) alikuja hapa Nkuhungu na flashi mfukoni, akasema bro kaa tuangalie hii, mi nikajua muvi kumbe dokumentari. Inaitwa Hamilton's America, ilirushwa na televisheni ya PBS kule Marekani Oktoba 2016, inaonyesha mtunzi Lin-Manuel Miranda alivyoutengeneza mchezo wa jukwaani wa Hamilton. Katikati dogo akanitupia swali nikakwama: jamaa kafa 1804, yeye na kuchana wapi na wapi?

Nimekaa nalo siku mbili, na ninavyoona mi jibu ni wingi wa maneno. Alexander Hamilton, waziri wa fedha wa kwanza wa Marekani, alikuwa mtu wa kuandika balaa. Zile makala 85 za kuitetea katiba mpya ziliandikwa na watu watatu, yeye peke yake kaandika 51! Sasa mtu wa hivyo, mzaliwa wa kisiwa cha Nevis huko Karibiani, baba kaondoka, mama kafariki yeye bado mtoto, halafu vita, benki, madeni ya majimbo, mchepuko ambao aliuandikia kijitabu mwenyewe akakichapisha (nani anafanya hivyo jamani), yote hayo unayaingizaje kwenye saa mbili na nusu hivi? Mchezo una maneno zaidi ya elfu 20. Muimbaji akivuta sauti neno moja linaweza kula sekunde nne nzima, mchanaji muda huohuo kashamaliza mistari miwili. Wangeimba taratibu watu wangetoka ukumbini alfajiri.

Miranda mwenyewe aliliona hilo 2008 akiwa likizo anasoma kitabu cha Ron Chernow kuhusu maisha ya Hamilton, akaona huyu maskini aliyejitoa kwa kalamu ni hip hop tupu. 2009 akaenda Ikulu ya Marekani, akasema anaandika kuhusu waziri wa fedha, watu wakacheka.

Ila usidhani kuchana ni chapchap. Wimbo mmoja tu, My Shot, ulimchukua kama mwaka. Na hapo ndo raha ya hii dokumentari, maana Alex Horwitz aliyeiongoza ni rafiki yake wa chuo, alianza kurekodi kabla mchezo haujapanda Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, 2015, kwa hiyo unamwona Miranda kakaa anaandika kwenye chumba alicholala Aaron Burr, ndani ya jumba la Morris-Jumel, Manhattan. Burr ndiye aliyempiga Hamilton risasi! Halafu kuna Christopher Jackson, mweusi anayeigiza George Washington, anaenda Mount Vernon nyumbani kwa Washington na inabidi apambane na ukweli kwamba mtu anayemvalia koti kila usiku alimiliki watumwa. Hapo dogo alinyamaza kabisa, na huwa hanyamazi.

Ilipoisha akauliza kwa nini mtu asichane Mtunya, ile njaa iliyowamaliza Wagogo kuanzia miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza, mbona bibi anaijua kwa kusimuliwa. Nikamwambia anza wewe. Akashika simu, akaandika mstari wa kwanza ukaishia na Mtunya, akatafuta kina cha pili, na neno lililomjia haliandikiki hapa.