Kutafuta mawimbi ya mvutano yatokanayo na miruko ya pulsa

Pulsa ya Vela, nyota ya nyutroni (mabaki mazito mno ya nyota iliyolipuka) ambayo miali yake hutufikia kwa mapigo, huzunguka takriban mara 11 kwa sekunde, na mwendo huo hupungua polepole mno kadiri nyota inavyopoteza nishati. Mwaka 1969, hata hivyo, wanaastronomia waligundua kwamba mwendo wake ulikuwa umeongezeka ghafla, jambo tunaloliita mruko, kwa takriban sehemu 2 kati ya milioni. Kiasi hicho ni kidogo, lakini wanafunzi wangu hapa Kisumu hushangaa tunapokipigia hesabu ubaoni: baada ya siku moja tu, nyota huwa imetangulia kwa karibu mizunguko 2 mizima.

Wengi wetu tunakubali kwamba ndani ya gamba gumu la nyota ya nyutroni mna kimiminika kisicho na msuguano, chenye vimbunga vidogo vingi mno vilivyonasa kwenye gamba. Gamba linapopunguza mwendo, kimiminika hakifuati. Tofauti hiyo hulimbikizana hadi vimbunga ving'oke kwa wingi na kulisukuma gamba mbele. Vingeng'oka kwa usawa pande zote, wimbi la mvutano, yaani mtikisiko unaosafiri wa anga na wakati, lisingetoka, kwa kuwa mzunguko wenye ulinganifu kamili hautoi mawimbi hayo. Tegemeo letu, basi, ni kwamba mporomoko huo hauko sawa.

Wimbi la mruko mmoja ni hafifu kupita uwezo wa vigunduzi vya sasa, ndiyo maana tunatafuta jumla ya miruko yote. Galaksi yetu inakadiriwa kuwa na nyota za nyutroni zaidi ya milioni 100, ilhali pulsa tunazozijua ni elfu chache. Anayewasikiliza kwa mbali mafundi wa jua kali wa Kibuye hawezi kutenga nyundo hii na ile, ila mafundi wakiwa wachache atasikia mapigo na vituo kati yake. Vivyo hivyo, usuli wa mawimbi, yaani mngurumo wa jumla wa miruko yote, ungetueleza miruko hutokea mara ngapi, hata katika nyota ambazo hakuna darubini iliyowahi kuziona.

Utafutaji wenyewe hulinganisha data ya vigunduzi viwili vya mawimbi ya mvutano vya LIGO nchini Marekani, kimoja Hanford na kingine Livingston, vilivyo umbali wa kilomita 3,000 hivi. Kelele za kituo kimoja hazioani na za kingine, kwa hiyo ishara ya pamoja huzipita kadiri data inavyoongezeka. Linalonishughulisha zaidi ni kelele zinazooana. Radi, zikiwemo za bonde hili la Ziwa Viktoria, huamsha mitetemo ya sumakuumeme inayoizunguka dunia nzima katika masafa ya karibu hezi 8, 14 na 20, nayo huvifikia vituo vyote viwili. Kwa sababu hiyo vituo vimewekewa magnetometa, yaani vipima usumaku, na sioni namna ya kuamini dai lolote la usuli lisilopimwa kwanza dhidi ya rekodi zake.

Kuna pia usuli wa mashimo meusi yanayoungana, unaotarajiwa kuwa na nguvu zaidi, ambao itabidi uondolewe kwanza. Kwa sasa, kutopata ishara kunatupatia kikomo cha juu, na kikomo hicho ni kipimo halali: nadharia yoyote inayodai miruko yenye mawimbi makubwa kuliko hapo hulazimika kurekebishwa.