Mpira Ukiwa Hewani Si Wako: Dhana Potofu za Magadi wa Kikapu

Jioni yoyote ukipita kwenye uwanja wa kikapu wa mtaani utamkuta kijana mmoja pembeni ana mipira miwili, anaidunda kwa zamu hadi saruji inalia kama ngoma. Anaipitisha kati ya miguu, anaizungusha mgongoni, watoto wamekaa chini wanamtazama midomo wazi. Mechi ikianza anapewa kazi ya kupandisha mpira. Kabla hajafika mstari wa kati, mtu mmoja mwembamba ambaye hakuna aliyekuwa na habari naye ameshampokonya. Mara ya kwanza watu wanacheka. Mara ya tatu kocha anamwita nje.

Kijana huyo nimewahi kuwa mimi. Nimecheza gadi, yaani mchezaji anayepandisha mpira na kuongoza mashambulizi, tangu sekondari, na siku hizi nafundisha wadogo Jumamosi jioni, kwa hiyo nasikia kutoka kwao maneno yale yale niliyolishwa mimi. Mengi si uongo mtupu. Ni ukweli nusu, na ile nusu iliyobaki nje ndiyo inayokupokonyesha mpira.

"Mwenye mkono mwepesi ndiye mpiga chenga"

Hii ndiyo mama yao wote. Vipande vya video vya sekunde kumi vimeikomaza: unaona mkono, unaona mpira, unaona mkabaji amekaa chini. Huoni kilichomkalisha.

Mkabaji aliyefundishwa vizuri hatazami mpira. Anatazama kiuno chako, au kifua. Ukidunda kulia, kushoto, kulia, kushoto huku kiuno kimesimama palepale, yeye anakusubiri tu, na kila mara mpira unapovuka mbele ya mwili wako anapata nafasi ya kuudokoa. Madoido yako ndiyo nafasi zake.

Kinachomhamisha mtu ni kubadilika kwa mwendo. Aliyewahi kusimama kwenye daladala analijua hili bila kufundishwa: mwendo haukuangushi, hata ukiwa mkali. Breki ndiyo inayokutupa kwa jirani. Mkabaji naye ni abiria wako. Ukimkimbiza kwa kasi moja atakwenda nawe hadi chini ya ringi. Ukishika breki ghafla mwili wake unaendelea, na hapo ndipo unapoondoka.

Watanzania tunaukumbuka mwaka 2009 kwa sababu Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Wachache wanakumbuka waliofuata. Wa tatu alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry, magadi wawili ambao baadaye walitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Mtazame Harden kwa makini. Hakuwa mwenye mbio kuliko wengine. Utajiri wake wote ulikuwa katika kusimama: anakwenda, anakufa ghafla, anarudi hatua moja nyuma, na mkabaji bado anatafuta miguu yake. Luka Dončić, mwenye zaidi ya mita 2, ni vivyo hivyo. Anaonekana kama mtu anayetembea sokoni, lakini kumkaba ni balaa.

Vijana wangu nawaambia: nenda kama umechelewa, simama kama umesahau kitu nyumbani, kisha ondoka tena. Chenga moja tu katikati inatosha. Wengi hawanipendi kwa hilo, maana kusimama kunachosha mapaja kuliko kukimbia, na mapaja hayapigiwi makofi.

"Curry anadunda mipira miwili, basi na mimi"

Ni kweli Curry hufanya hivyo kabla ya mechi, na watu hufika uwanjani mapema kumwona. Lakini kwake hayo ni mazoezi ya kupasha mikono moto. Kumwiga hapo tu ni kama kumwona fundi cherehani anachora kwa chaki ukadhani chaki ndiyo iliyoshona suti.

Siipingi mipira miwili. Faida yake kubwa ni kwamba mkono mzembe hauna pa kujificha. Tatizo ni pale kijana anapomaliza saa nzima hapo, kisha anazunguka chupa za maji alizopanga kwenye mstari, na kurudi nyumbani ameridhika. Chupa haina mikono. Chupa haikusukumi kwa kifua, wala haikulazimishi kuamua kama utapita, utapasia au utarudi. Gadi anaumizwa na uamuzi uliochelewa kuliko na kidole kizito.

Zoezi ninaloliamini halihitaji kifaa. Chora mistari miwili ya chaki iliyoachana hatua nne, kutoka chini ya ringi hadi mstari wa kati. Huo ndio uchochoro wako. Mkabaji anaanza mikono ikiwa nyuma, anatumia kifua na miguu tu. Wewe kazi yako ni kuvuka bila kutoka nje ya mistari. Mkizoea, anaachiwa mikono. Kisha unawekewa idadi: midundo mitano, basi. Hapo utashangaa chenga ngapi za kwenye simu zinasahaulika zenyewe, kwa sababu uchochoroni hazina kazi.

"Kushoto ni suala la mkono tu, udunde mara mia kila siku"

Hapa lazima niseme jambo ambalo makocha wa mbali hawalijui. Wengi wetu tumelelewa kuuona mkono wa kushoto kuwa mkono wa choo. Ukimpa mtu kitu kwa kushoto unapigwa kofi. Ukinyoosha kushoto kusalimia, mzee anauacha ukining'inia. Mtoto anafika miaka kumi na tatu mkono huo haujawahi kutumwa kazi ya maana, halafu siku moja anaambiwa apite nao mbele ya mtu mwenye miguu mirefu. Kwa kweli tunaanza nyuma kidogo. Sikwambii ule ugali kwa kushoto, bibi yako bado yupo.

Lakini mkono si ugonjwa wenyewe. Mchunguze kwa karibu mtu wa kulia anapokwenda kushoto. Kwanza kichwa kinainama. Pili, mabega yanageuka yakamtazama mkabaji, kwa hiyo mpira unadundwa mbele ya tumbo, peupe kabisa. Tatu, mkono wa kulia unabaki umelegea ubavuni, hauna habari. Mtu huyo hata ukimpa mkono wa kushoto wa Curry atapokonywa.

Sahihisha mwili, mkono utafuata. Mpira utue nje ya mguu wa kushoto, usawa wa kisigino au nyuma yake kidogo. Bega la kulia litangulie, liwe kati ya mpira na mkabaji. Mkono wa kulia ukunjwe mbele ya kifua kama komeo la mlango. Hauruhusiwi kumsukuma mtu wala kumshika, ila una haki ya kuwa pale. Tembea hivyo, usikimbie, uwanja mzima kwenda na kurudi. Wiki mbili za kutembea zimewasaidia vijana wangu kuliko miezi ya kudunda wamesimama.

Na ile hofu ya wazazi kwamba kuushughulisha mkono wa kushoto kutaharibu wa kulia, au hata mwandiko, haina msingi wowote.

"Dunda chini kabisa, na usitazame mpira"

Amri mbili zinazotolewa kwa pumzi moja, zote zikiwa na dosari ileile: zinatolewa bila kusema lini.

Mpira ukiwa kati ya mkono na ardhi si wako, ni wa yeyote atakayeufikia kwanza. Kudunda chini kunafupisha muda huo, kwa hiyo kwenye msongamano dunda usawa wa goti, na dunda kwa nguvu, kwa maana mpira uliosukumwa kwa nguvu unarudi upesi. Ila mbele kukiwa wazi, kudunda chini kunakukunja mgongo na kukuchelewesha. Hapo usukume mbele, urudi hadi kiunoni au zaidi, uukimbilie. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, una sekunde 8 kuuvusha mpira mstari wa kati, kwenye uwanja wenye urefu wa mita 28. Mwenye kutambaa hafiki kwa raha.

Kuhusu macho: kuinua kichwa ni nusu ya kazi. Nimeona vijana wameinua vichwa kama twiga na hawaoni kitu. Steve Nash, aliyezaliwa Johannesburg akakulia Kanada, alipokuwa chuoni Santa Clara alikuwa akitembea huku anadunda mpira wa tenisi. Kila mtu anausimulia ule mpira mdogo. Mimi navutiwa na kutembea kwake: ilimbidi aone njia, watu, ngazi, huku mkono ukijitegemea. Alikuja kuwa mchezaji bora wa NBA mara mbili mfululizo, 2005 na 2006. Mpira wa tenisi ni bei nafuu, na njia ya kwenda shule ni bure. Angalia magari tu.

Na wale wanaofundisha kwamba kiganja kisiguse mpira kamwe wamezidisha. Vidole ndivyo vinavyouongoza, lakini ukidunda kwa nguvu kiganja kitagusa, na hakuna dhambi.

"Gadi lazima awe mfupi"

Muggsy Bogues alikuwa na mita 1.60 akacheza NBA misimu 14. Magic Johnson alikuwa na mita 2.06, na nafasi yake ilikuwa gadi. Msimu wake wa kwanza Bogues alikuwa timu moja Washington na Manute Bol, mtu wa mita 2.31, picha zao wakiwa wamesimama pamoja bado zinachekesha. Mrefu ana tatizo moja la kweli, mpira wake una safari ndefu zaidi hadi ardhini, na dawa yake ni kukunja magoti. Basi.

"Mkono ukiingia chini ya mpira, umebeba"

Nusu ya ugomvi wa viwanja vya mtaani unatoka hapa. Kanuni ya kosa hilo la kubeba haizungumzii mkono kuwa juu au chini. Inazungumzia mpira *kutulia* mkononi: ukiuruhusu utulie, au ukiugusa kwa mikono miwili kwa pamoja, kudunda kwako kumekwisha na huwezi kuanza upya. Ndiyo maana gadi mzuri anaweza kuuchelewesha mpira kwa kuupaka mkono ubavuni, mkabaji akadhani ameushika, kumbe bado unasafiri. Ni chenga halali, ingawa iko jirani sana na kosa.

Hatua unazopiga mpira ukiwa mkononi nazo vilevile. Tangu Oktoba 2017 FIBA haiuhesabu mguu ulio ardhini wakati unapoushika mpira ukiwa kwenye mwendo. Baada ya huo una hatua mbili. Wakongwe wa mtaani kwetu bado wanapiga kelele "amekimbia!" kila mara. Sibishani nao tena. Ila kumbuka jambo moja: ukitaka kuanza kudunda, mpira lazima utoke mkononi kabla ya hatua ya pili.

"Mpira mzito unajenga mkono"

Unajenga misuli kidogo, lakini kudunda ni kusikilizana na mpira, na mpira mzito unarudi kwa lugha nyingine. Ukitumia, maliza kwa mpira wa kawaida kila mara. Kabla ya kununua mzito, kagua huo ulio nao. Uachie kutoka usawa wa bega. Ukirudi chini ya kiuno hauna upepo wa kutosha, na umekuwa ukilaumu mkono wako bure. Ukiwa umebaki kipara na vumbi la uwanja limeukalia hadi unateleza, huo usiutupe. Ukimudu huo, mpira mpya utakuwa kama una gundi.

"Kumudu mpira ni kudunda"

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyoniumiza. John Stockton anashikilia rekodi ya asisti NBA, yaani pasi zinazozaa kikapu, 15,806, zote akiwa Utah, na hutakuta mikusanyiko mingi ya video za chenga zake. Alijua wapi pa kuuacha mpira. Mimi sikujua.

Kulikuwa na mechi ya vijana, tunaongoza kwa pointi mbili, nikavuka mstari wa kati kwa raha zangu na nikaushika mpira palepale, hatua moja ndani, karibu na mstari wa pembeni. Wakaja wawili. Kulia kwangu mstari wa pembeni, nyuma mstari wa kati ambao ukishauvuka huruhusiwi kurudi. Mistari nayo inakaba, na haichoki. Ukiushika mpira huku mtu amekuganda, una sekunde 5 za kuutoa. Niliinua mikono, nikazungusha kiuno, nikautupa juu kwa mtu niliyemdhania ni mwenzangu.

Kocha wangu wa wakati huo hakunigombeza. Siku iliyofuata tulimkuta uwanjani na kipande cha chaki, amechora misalaba minne, miwili kila upande wa mstari wa kati, kwenye zile pembe unapokutana na mistari ya pembeni. Tuliruhusiwa kupita juu yake tukidunda, tuliruhusiwa kurudi nyuma kwa midundo miwili kabla ya kuvuka. Kusimama juu yake na mpira mkononi ilikuwa mizunguko kumi ya uwanja. Mvua ikinyesha inaifuta, yeye anaichora upya kabla hatujafika.