Je, wajua seli ya saratani hutembeaje?

Mgonjwa akiambiwa saratani ya titi "imefika kwenye mifupa", wengi wetu hudhani imesombwa na damu tu, kama jani mtoni. Damu huibeba, ni kweli. Lakini kabla ya kuufikia mshipa, seli ile ilitambaa yenyewe, nayo haina miguu.

Ina protini. Kubwa kati yake ni aktini, ileile inayokunja misuli yetu, ambayo Brunó Straub aliitenga huko Szeged, Hungaria, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Chembe zake huungana zikawa uzi, na nyuzi zikirefuka upande mmoja husukuma utando wa seli utokeze kama ulimi. Kule nyuma protini nyingine, kofilini, hukatakata nyuzi kuukuu ili chembe zikajengee mbele. Ni fundi mwenye matofali machache: abomoe huku apate ya kujengea kule.

Ulimi peke yake haufiki mbali. Umewahi kuona chombo kilichokwama kwenye fungu la mchanga kikinasuliwa? Nanga hupelekwa mbele kwa mtumbwi, ikatupwa, kisha mabaharia wakavuta kamba hadi chombo kikasogea. Seli nayo ina nanga zake, integrini, zinazotoboa utando na kushika nyuzi za kolajeni zilizo nje. Kamba ni nyuzi za aktini, na mvuta kamba ni protini iitwayo mayosini. Nanga za nyuma zikiachia, mwili wote huvutika mbele. Usitarajie mbio: seli nyingi za uvimbe hutumia saa nzima kwenda umbali usiozidi upana wa unywele.

Mbona basi seli zote za titi au tumbo hazizururi? Zimeshikana na jirani zao kwa protini iitwayo E-kadherini. Kuna aina ya saratani ya titi, ile inayoanzia kwenye vijumba vya maziwa, ambayo mara nyingi huipoteza kabisa. Ukitazama kipande chake kwenye darubini unaona seli zimepangana moja nyuma ya moja, mstari mwembamba kama wa siafu. Na mwaka 1998, huko New Zealand, Parry Guilford na wenzake walionyesha kwamba familia za Kimaori zilizokuwa zikiandamwa na saratani ya tumbo kizazi baada ya kizazi zilikuwa zimerithi hitilafu kwenye jeni ya protini hiyohiyo.

Seli iliyokatika kwa wenzake hukutana na mkeka mgumu wa protini unaozitenga tishu. Hapo huchomoza vidole vya aktini vyenye vimeng'enya vinavyoyeyusha mkeka. Kinachosumbua zaidi ni kiini, mzigo mkubwa na mgumu kuliko vyote ndani ya seli. Kikibanwa kwenye tundu dogo huweza hata kupasuka ganda, likazibwa tena, na safari ikaendelea.

Hakuna hata kifaa kimoja hapa ambacho saratani imekibuni. Kiinitete tumboni mwa mama huhamisha seli kwa mitambo hii, chembe nyeupe za damu huifukuzia vijidudu, na kidonda chako cha goti hufunikwa nayo. Ndiyo maana dawa ya kuua aktini moja kwa moja haifikiriki: moyo nao hupiga kwa aktini.

Watafiti wakajaribu kuvizuia vile vimeng'enya. Dawa za namna hiyo, marimastati ikiwamo, zilijaribiwa kwa wagonjwa miaka ya 1990. Zikaleta maumivu ya viungo, na manufaa yakawa hafifu. Maabara ilikuja kuonyesha sababu mojawapo. Seli zilizonyimwa vimeng'enya hazikusimama. Zilijiviringa, zikalainika, zikajipenyeza kwenye matundu yaliyokuwapo tayari bila kuyeyusha chochote.