Eti mti shamba "umepimwa maabara" basi unatibu kansa?

Pale soko la Mwanga hapa Kigoma, ukisogelea tu meza ya dawa utaambiwa huu unga wa mlonge una antioksidanti kibao (vitu vinavyokinga seli zisiharibiwe), unatoa sumu zote, kansa haikugusi, na siku hizi wanaongezea "umepimwa maabara". Haya, umepimwaje?

Mara nyingi ni hivi, kuna kemikali inaitwa DPPH, rangi yake zambarau, wanaichanganya na maji ya mti, ikipauka ikawa njano basi mti una antioksidanti. Kipimo kizuri cha kuanzia, sina ugomvi nacho, ila hata chai ya rangi uliyokunywa asubuhi ukiitia humo zambarau inapotea na sijaona mtu anauza chai ya rangi kama dawa ya kansa. Kwenye kichupa hakuna tumbo wala ini, na ukinywa, vingi kati ya hivyo vitu vinabadilishwa na utumbo na ini kabla havijazunguka mwilini.

Wengine wanasema kikiwa kichungu ndo antioksidanti zimejaa. Sokwe wa hifadhi ya Mahale akiumwa tumbo anachuma mjonso, mti mchungu, anamenya ganda, majani anatupa, anafyonza maji ya ndani tu, watafiti waliliandika hilo 1989, na wanachohusisha na ule uchungu ni kupambana na minyoo jamani, sio antioksidanti. Na majani anayotupa ndo yana sumu zaidi, kwa hiyo hata yeye hali mti mzima kisa ni wa asili.

"Ukizidisha ndo inafanya kazi" nayo hapana. Finland waliwapa wanaume wavuta sigara vidonge vya betakarotini, nayo ni antioksidanti, utafiti wa watu zaidi ya 29,000, majibu yakatoka 1994: waliomeza walipata kansa ya mapafu zaidi, kama asilimia 18 hivi. Betakarotini hiyohiyo ndo inachangia wekundu wa mawese yetu (msiyakimbie, mboga sio kidonge, ila ukiyachoma mpaka yawe meupe karotini imeenda na moshi).

Kinachonikera zaidi ni haya maji mekundu ya magome ya mninga kwamba yanaongeza damu kisa rangi. Ule ukakasi ni tanini, ni antioksidanti kweli, lakini tanini inashika madini ya chuma tumboni, sasa mjamzito mwenye upungufu wa damu anashushia nayo ugali na maharage, chuma cha maharage kingi kinapita tu.