Hati ya kusafiria ya mkimbizi: "kutambuliwa" maana yake nini?

Mkimbizi hawezi kubisha hodi ubalozi wa nchi aliyoikimbia akaomba pasipoti. Huko ni kujirudisha mikononi mwa wale wale, na huenda kukamfutia hadhi yake ya ukimbizi. Kwa hiyo Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ibara ya 28, unaitaka nchi anamoishi kihalali impe hati ya kusafiria, isipokuwa pawe na sababu nzito za usalama wa taifa au utulivu wa umma.

Kiambatisho cha Mkataba huo kinaongeza kwamba nchi wanachama zitaukubali uhalali wa hati hizo. Huko ndiko kutambuliwa. Mkongomani aliyepewa hati Kenya akifika mpaka wa nchi nyingine mwanachama, ofisa hatakiwi kuikataa eti kwa sababu si pasipoti ya taifa lolote. Penye uraia, mashine husoma XXB, msimbo wa kimataifa wa mkimbizi wa Mkataba wa 1951. Si kosa la uchapaji wala dalili ya kughushi, na kila mhudumu wa kaunta ya ndege angepaswa kuujua.

Lakini kuitambua hati si kumruhusu mwenye hati aingie. Viza inaweza kudaiwa, na inaweza kunyimwa. Ikitolewa, hubandikwa humo humo.

Nguvu yenyewe ya hati hii, kwa maoni yangu, iko kwenye kurudi. Nchi inayompokea mgeni hujiuliza: muda wake ukiisha, ataenda wapi? Vyeti vya Nansen, yaani hati za safari zilizobeba jina la Fridtjof Nansen, kamishna wa wakimbizi wa Ushirika wa Mataifa, walivyoanza kupewa wakimbizi wa Kirusi mwaka 1922, mwanzoni havikulijibu swali hilo, kwani havikumpa mwenyewe haki ya kurejea nchi iliyovitoa. Mkataba wa 1951 unaliziba pengo hilo: aliyetoa hati lazima ampokee tena mwenye hati wakati wowote kabla haijaisha muda. Kuna hali za pekee ambapo muda wa kurudi hufupishwa, ila usipungue miezi mitatu. Basi kabla ya safari soma tarehe ya kurudi, si ya mwisho wa hati peke yake.

Tena, wajibu huu unazibana nchi wanachama tu. Oman, Saudia na Falme za Kiarabu hazimo katika Mkataba. Anayekwenda huko aulize ubalozi wao kwanza, tiketi baadaye.