Je, wajua? Mwanza, mawe ndiyo yanayoamua utakula wapi

Mgeni akifika Mwanza huja na maswali mawili, asijue kwamba ni swali moja. La kwanza: haya mawe nani aliyapanga? La pili huja baadaye, miguu ikishaanza kulalamika: inakuwaje jiji lenye watu zaidi ya milioni moja, ukijumlisha wilaya za Nyamagana na Ilemela, katikati yake mtu anapamaliza kwa asubuhi moja? Anakunywa supu, anaona bandari, anapita msikitini, kwenye hekalu la Wahindu na sokoni, na jua bado halijafika utosini.

Jibu la yote mawili liko chini ya ardhi. Au tuseme lilikuwa chini ya ardhi.

Wengi, hata wenyeji, hudhani mawe haya yaliporomoka kutoka juu au yalisukumwa na maji yakabebana mgongoni. Ukweli ni kwamba mengi yako palepale yalipozaliwa. Ni granaiti, yaani uji wa moto wa mwamba uliopoa taratibu ndani kabisa ya dunia, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Tabaka zilizoulalia mwamba huo zilipoondoka kidogo kidogo, uzito ukapungua, mwamba ukatanuka na kupasuka. Nyufa zikapita wima na ulalo, zikaukata kuwa mapande yenye kona. Kisha maji ya mvua yakaanza kazi yake humo humo ardhini, yakipenya kwenye nyufa na kugeuza baadhi ya madini ya mwamba kuwa udongo. Sasa angalia: kona ya pande hushambuliwa kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, uso kutoka upande mmoja tu. Kona ndizo zinazokwisha kwanza, kama kipande cha sabuni kinavyoviringika bafuni. Udongo ulipokuja kuchukuliwa na mvua, mapande yaliyoviringika yakabaki yamekaa moja juu ya jingine, vilevile yalivyokuwa yakingali yamefukiwa.

Kwa hiyo lile jiwe linalopigwa picha kuliko mtu yeyote jijini, Jiwe la Bismarck pale majini karibu na kivuko cha Kamanga, halikutupwa ziwani na yeyote. Lilikuwepo kabla ya ziwa. Ziwa Victoria ni kijana sana mbele ya mawe yake: wanasayansi hulipa umri wa takriban miaka 400,000, na kiasi cha miaka 15,000 iliyopita liliwahi kukauka karibu lote. Jina la Bismarck, kansela wa Ujerumani, ndilo jipya kuliko vyote.

Hapo ndipo swali la pili linapopata jibu. Udongo uliooshwa vilimani ulikwenda kutulia mabondeni, ukatengeneza vipande vyembamba vya tambarare kati ya kilima na kilima, kama bonde la mto Mirongo unaokatiza mjini kwenda ziwani. Wajerumani walipoanzisha kituo chao hapa miaka ya 1890, na baadaye Waingereza walipofikisha reli mwaka 1928, kila kilichohitaji mahali pa kulala bapa kiligombea vipande hivyo hivyo: stesheni, gati, maduka, soko, nyumba za ibada, barabara kuu. Hakuna aliyeketi akapanga mji wa kutembea kwa miguu. Nafasi ilikuwa ndogo tu, vitu vikabanana. Watu nao wakapanda juu.

Na hapa Mwanza inageuza kawaida ya miji mingi, ambako kilimani hukaa wenye nazo. Ukiacha Capri Point na sehemu za Isamilo, vilima vya Mwanza ni vya watu wa kawaida. Igogo, Mabatini na kwingineko, nyumba zimejibana katikati ya mawe bila kusubiri mpimaji. Jiwe linageuzwa ukuta wa nyuma wa jiko, jingine linakuwa msingi, la tatu linaanikwa nguo. Gari haliingii, na bodaboda hufika mahali ikasema basi. Kuanzia hapo ni vijia na ngazi, zingine za saruji, zingine zimechongwa na nyayo tu. Mtoto wa shule wa huko hushuka na kupanda kila siku kimo ambacho wengine wangekilipia kwenye ukumbi wa mazoezi.

Sasa twende kwenye chakula, maana ndicho nilichokusudia tangu mwanzo.

Mama lishe wa Mwanza hachagui mahali pa kuweka jiko kwa kubahatisha. Anatafuta kijia cha mlimani kinapogusa barabara. Mlima mzima unamwagikia pale: fundi ujenzi, muuza mitumba, mwanafunzi, mgonjwa anayekwenda hospitali ya Bugando. Asubuhi wanashuka na njaa, jioni wanarudi wamechoka na hawana hamu ya kupika. Ukitaka kujua pa kula vizuri katika mtaa usioujua, usiulize hoteli. Fuata macho yako kwenye mteremko, tafuta mahali vijia viwili au vitatu vinapokutana chini, na hapo hutakosa benchi, sufuria na moshi.

Kuna na hesabu ya kivuli. Jiwe kubwa huwa na kivuli kirefu upande wa magharibi asubuhi, na alasiri kivuli huhamia mashariki. Nimeona mabenchi yakihama nalo, wali na maharage vikifuata. Halafu kuna upepo. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo mchana hewa ya juu ya mji hupanda na ile baridi ya ziwani hukimbilia kujaza nafasi yake. Kuanzia mchana mkubwa upepo unavuma kutoka ziwani, na moto wa mkaa usiokingwa unakula gunia mara mbili. Jiko likikaa nyuma ya jiwe, kisogo kikiwa kimeelekezwa ziwani, mkaa unadumu.

Simama kidogo mahali kama hapo mnamo saa saba. Sato wamepangwa kwenye sinia, kila mmoja amechanjwa mbavuni mikato mitatu ili chumvi na ndimu vifike kwenye mfupa. Karai limejaa mafuta, mama anatupia tone la maji kuyapima. Yakilia, samaki anaingia kwa mkia kwanza.

"Mama, nipe huyo mwenye mgongo mpana."

"Huyo ana mwenyewe, baba. Chukua huyu, hata mfupa wake utauacha umelia."

Ugali unakuja wa dona, au wa muhogo ukisema mapema, pamoja na mlenda au mchicha, kachumbari na pilipili mbichi nzima pembeni. Hakuna uma. Kuna birika la maji ya kunawa linalopitishwa na kijana ambaye anajua kila mteja anadaiwa kiasi gani.

Sangara ni habari nyingine. Si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akawamaliza furu wengi, samaki wadogo wenyeji wa hapa, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vya minofu vikamfanya biashara ya kupanda ndege kwenda Ulaya. Minofu ikaondoka, kichwa na mgongo vikabaki kwa jina la mapanki, vikakaangwa na kuuzwa uswahilini. Wapo wanaoyadharau mapanki. Mimi nasema shavu la sangara lililokaangwa likakauka vizuri linaushinda mnofu wowote, na aliyekula kichwa hawezi kumwonea wivu aliyekula Ulaya.

Katikati ya mji, pita Makoroboi, eneo lililopata jina kutokana na koroboi zilizokuwa zikitengenezwa hapo kwa makopo chakavu. Ni mtaa wa kelele za bati na rangi za vitenge, na hekalu la Wahindu limesimama katikati ya yote. Mwishoni mwa 2021, machinga walipoondolewa kandokando ya barabara nchi nzima na kupelekwa kwenye maeneo yaliyotengwa, mitaa ya hapa ilipumua, kisha biashara ikaanza kurudi taratibu kwa njia zake. Nenda Mlango Mmoja kama unataka mitumba. Kama hutaki, pita haraka, kwa sababu ukisimama tu umeshaanza kununua.

Asubuhi ni bora kuwa Kirumba, pale kwenye soko la samaki la Mwaloni. Huko dagaa hufika kwa magunia kutoka visiwani, na wafanyabiashara huja kutoka mbali, hadi Kongo. Humo utaona pia kayabo, sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa mpaka akawa mgumu kama ubao. Soko lake kubwa ni huko huko Kongo, wenyeji wengi hatuna habari naye. Korongo wenye vipara husimama wakingoja matumbo, na hawakupishi njia. Vaa viatu vya kufunika vidole.

Bustani? Ukimaanisha nyasi na viti vya chuma, Mwanza haikujaliwa sana. Bustani yake ni mawe yenyewe. Mtu akitaka kupumzika anapanda juu ya jiwe, anakaa, anatazama maji. John Hanning Speke mwenyewe, yule mvumbuzi Mwingereza, mwaka 1858, alilitazama ziwa vizuri alipokwisha kupanda kilima cha Isamilo. Chini huku mawe yanakuziba. Ukikaa juu kimya kwa muda utamwona mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu akipiga pushapu juu ya jiwe kutisha wenzake. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, yaani jiji hili limo ndani ya jina lake, na wengi wetu tunamrushia mawe utotoni bila kujua tunampiga mwananchi mwenzetu.

Kwa anayetaka hifadhi yenye geti na tiketi, kipo kisiwa cha Saanane, dakika chache tu kwa boti. Kinaitwa kwa jina la mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi pale kabla serikali haijakichukua na kukigeuza bustani ya wanyama mwaka 1964. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, yenye kilomita za mraba 2.18 tu, maji yakihesabiwa. Simba wa Serengeti hutamwona akiwinda hapo. Utawaona swala, na utawaona pimbi wakiota jua asubuhi juu ya mawe, kwa sababu mwili wa pimbi haumudu vizuri kujitunzia joto lake na jiwe humsaidia. Ubao wa njia umewekwa, mzunguko mzima hauchoshi.

Ukirudi nchi kavu, pitia njia za Igogo ujionee jambo moja linalohusu yale niliyoyaeleza mwanzoni. Wapasua kokoto huwasha moto juu ya mwamba, wakausubiri upate joto, kisha hugonga kwa nyundo. Tabaka la juu limetanuka, la chini bado ni la baridi, basi linabanduka kwa ganda. Nguvu ile ile iliyoupasua mwamba ulipotanuka chini ya ardhi, mtu anaiita kwa kuni. Wengi wao ni kina mama, wamekaa chini ya kipande cha turubai na rundo la kokoto mbele yao lililopangwa kwa ukubwa. Salamu kwanza kwa Kisukuma, "mwadila" ikiwa ni mchana, halafu ndio uombe kutazama. Kupiga picha nako ukuombee ruhusa kivyake.

Ukipotea huko juu usiogope wala usifungue ramani ya simu, ambayo huonyesha njia mbili zikiwa jirani wakati kati yake kuna mwamba wa kimo cha nyumba mbili. Shuka. Kijia kinachoshuka mwisho wake ni barabara, na barabarani daladala haikosekani. Lakini usikawie huko juu jua likishazama kama ni msimu wa mvua. Usiku upepo hugeuka, hewa ya nchi kavu iliyopoa huelekea ziwani, ambako maji bado yana joto, na zile za pande zote zikikutana katikati hupanda juu na kuzaa radi. Mara nyingi mvua ya Mwanza hutengenezwa usiku ziwani na kuletwa mlangoni kwako alfajiri. Granaiti iliyolowa inateleza vibaya.

Na kwa chakula cha usiku, kabla hujaulizia dagaa wabichi, inua macho uangalie mwezi. Wavuvi huwavua kwa taa: dagaa hufuata mwanga, wavu huinuliwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa haina tena cha kuwavutia, na mitumbwi mingi hupumzika ufukweni siku kadhaa. Utakayeletewa siku hizo ni mkavu wa juzi, hata muuzaji akiapa. Agiza sato.