Si CPAP inayoua watoto njiti

"Daktari mwanangu, mjukuu wangu msimweke kwenye ile mashine. Wanaowekwa pale hawarudi."

Bibi aliyenishika mkono mlangoni mwa wodi, hapa Moshi, ananiambia anachokiona. Yeye namwelewa. Lakini juzi mwanafunzi wa udaktari aliniletea maneno yaleyale na daftari la wodi mkononi: waliowekwa CPAP, ile mashine inayosukuma hewa puani ili mapafu yasisinyae, wamekufa wengi kuliko waliopata oksijeni ya puani tu. Hapo uvumilivu uliniishia.

Hesabu yake haina kosa. Lakini CPAP tunamwekea nani? Yule wa gramu 1100, anayeguna kila akitoa pumzi, mbavu zinabonyea. Wa gramu 2000 anayepumua vizuri haihitaji. Ukilinganisha hao, umepima ugonjwa, hujapima mashine. Na usiniambie utachagua wenye uzito sawa. Wawili wa gramu 1200: mama wa mmoja alichomwa sindano za kukomaza mapafu kabla ya kujifungua, wa pili alijifungulia njiani usiku wa Julai, mtoto akafika wa baridi. Daftari linasema 1200, 1200.

Ndiyo maana kwenye utafiti kura hupigwa, kama bahati nasibu, kuamua nani apate tiba ipi. Kura ndiyo iliyothibitisha miaka ya 1950 kwamba oksijeni nyingi iliwapofusha njiti. Kisha oksijeni ilipobanwa mno, wengine wakafa. Njia hiyohiyo ya kura, kwenye utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa 2021, ilionyesha kangaruu, yaani mtoto kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, ikianza mara tu baada ya kuzaliwa, vifo ni 12.0 kwa kila 100, badala ya 15.7 ikisubiri mtoto atulie. Kifua cha mama.

CPAP naiamini. Ninachokitilia shaka ni CPAP ya saa tisa usiku, muuguzi mmoja na vichanga kumi na vitano. Kimrija kikichomoka puani, maji ya chupa ya mashine yanaacha kububujika, na asubuhi tunaandika "alikuwa kwenye CPAP". Je, alikuwa?

Na waliopona? Macho ya njiti huanza kuchunguzwa yapata wiki ya nne tangu azaliwe; wengi wakati huo wameshapanda Rombo na mama zao. Asiporudi, kwenye daftari anabaki na neno moja, "amepona", na mimi sijui kama anaiona sura ya mama yake.